Picha ya Shela iliyokosa jahazi

Mhariri,

Mjukuu wangu wa gredi ya saba alipeleka picha ya vilima vya mchanga vya Shela kwenye mashindano ya wanafunzi hapa Lamu. Ikarudi na maandishi ya kalamu nyekundu kwa nyuma: nzuri, ila haina Uswahili, aongeze jahazi, punda, au mwanamke wa buibui. Mimi ni fundi wa nakshi za milango, patasi nimeishika miaka 35, naomba nafasi nimjibu jaji huyo.

Mjomba wake alimletea mtoto boksi la pasteli kutoka Mombasa, vijiti 24. Vya kijani vilikuwa saba, kijani cha nchi za mvua. Cha rangi ya mchanga kimoja tu, nacho kilifika kimevunjika. Karatasi ya daftari ikamshinda. Pasteli ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo sana. Haizami kama wino, hukaa juu juu, basi hutaka mahali pa kung'ang'ania. Akaja karakanani akaokota msasa. Ule wa namba 80 ulimlia chaki kama panya alavyo sabuni. Wa namba 400, tunaomalizia mbao, ukamkubali.

Kijiti cheupe kilipomwishia alibandua chokaa iliyofura kwenye ukuta wa uani (bibi yake alimgombeza, na alistahili). Mimi nilicheka. Chokaa ya nyumba zetu za mawe ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni na kuzimwa kwa maji. Ikishapakwa huvuta hewa mpaka irudi kuwa jiwe. Na chaki ya asili nayo imetokana na magamba ya viumbe vidogo vya baharini. Kwa hiyo mtoto alitoa bahari ukutani akaipaka kwenye kilima, halafu anaambiwa hakuna Uswahili!

Tena hakuchora magharibi, jua likizama, kama kadi zinazouzwa kwa wageni. Alichora saa saba mchana, mchanga umekaribia kuwa mweupe na vivuli vyake vya kijivu. Mikoko ya Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari, aliipaka mkaa wa jikoni kwanza, kisha kijani juu yake, maana vijiti vyake vyote saba vilikuwa vichangamfu mno. Chini kabisa, ndani ya kilima, akapitisha mstari mwembamba wa buluu. Jaji aliuzungushia duara kama kosa.

Mstari ule ni maji. Mvua huzama katika vilima vile, na maji matamu ya visima vyetu hutoka chini ya mchanga huo. Mgeni akisimama Shela huona mahali pa kupigia picha. Mtoto wa Amu, yaani Lamu yetu, aliyetumwa kisimani na ndoo anajua kilima kimebeba nini, hata kama jicho halioni.

Jahazi silichukii, marehemu babangu alikuwa baharia. Lakini tangu mji wetu uingizwe katika urithi wa dunia mwaka 2001, naona kila mtu anajua Lamu inapaswa kufanana na nini. Hata mimi wateja wa Nairobi huniagiza milango yenye jahazi. Milango ya kale niliyojifunzia hapa Mkomani ilikuwa na maua, majani na mizunguko. Sikumbuki hata mmoja wenye tanga. Kazi hizo nazifanya, kwa kuwa unga hununuliwa kwa pesa, ila sikuwahi kumwambia mteja kwamba huo ndio Uswahili.

Naomba majaji wa mwakani, kabla ya kushika kalamu nyekundu, wamuulize mchoraji ametumia nini na kwa nini. Huyu wangu amekataa kuongeza jahazi. Anataka kuichora Shela tena wakati wa upepo wa kusi, na ameshaniwekea oda ya msasa namba 400. Nimebakiwa na vipande viwili, na mlango wa watu haujaisha.

Fundi wa nakshi,
Mkomani, Lamu