Hofu ya ukomunisti haikuanza na McCarthy

Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe jambo linalorudiwa mno kila vita baridi inapotajwa, magazetini hata madarasani: kwamba Wamarekani walipata kiwewe cha ukomunisti kwa sababu ya seneta mmoja mropokaji, Joseph McCarthy, na alipoanguka kiwewe nacho kikaisha. McCarthy alidandia gari lililokwishaondoka. Alipopanda jukwaani Wheeling, West Virginia, tarehe 9 Februari 1950, akidai ana orodha ya Wakomunisti waliomo Wizara ya Mambo ya Nje, kazi ya kuwasaka ilikuwa na umri wa miaka mitatu. (Hesabu yenyewe ilimpiga chenga: 205, siku chache baadaye 57, kisha 81.)

Aliyeianzisha ni Rais Harry Truman. Tarehe 12 Machi 1947 aliliomba Bunge dola milioni 400 kuzisaidia Ugiriki na Uturuki zisichukuliwe na Wakomunisti. Siku 9 baadaye akasaini amri ya kuchunguza uaminifu wa watumishi wa serikali kuu. Tarehe hizo mbili zisomwe pamoja. Ukimwambia mwananchi adui yuko Ugiriki, atauliza kama hayumo pia ofisini kwako.

Jina la mtumishi lilipitishwa kwenye majalada ya FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu. Likikutwa na doa, aliitwa mbele ya bodi. Wakili aliruhusiwa, mashahidi wake pia, lakini aliyemchongea hakulazimika kutokea wala kutajwa. Doa lenyewe laweza kuwa kuvutiwa tu na chama kilichomo katika orodha ya Mwanasheria Mkuu ya vyama vinavyoshukiwa, na vyama viliingizwa humo bila kusikilizwa. Mwanzoni bodi ilitakiwa iwe na sababu za msingi za kuamini kwamba mtu si mwaminifu. Mwaka 1951 ikatosha kuwa na shaka. Ndiyo maana waliokwishasafishwa waliitwa tena kwa majalada yale yale.

Mtego mbaya zaidi ulikuwa kwenye kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyowahoji watu kuhusu ukomunisti, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kukaa kimya kulikuwa salama. Swali lilikuwa moja: je, wewe ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, au umewahi kuwa? Waandishi na waongozaji 10 wa filamu wa Hollywood walikataa mwaka 1947 wakitegemea uhuru wa maoni. Wakahukumiwa kwa kulidharau Bunge, wakafungwa kati ya miezi 6 na mwaka 1. Ukitegemea Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayokulinda usijitie hatiani, hufungwi, ila mwajiri wako anasoma magazeti. Basi jiseme mwenyewe, usimtaje mwenzio? Haiwezekani. Mhazini wa zamani wa chama hicho mjini Denver alikiri cheo chake mbele ya baraza la mashtaka (raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe), akakataa kumtaja mtu ambaye yeye alimkabidhi vitabu vya hesabu. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa ukishakiri yako, huna tena kinga ya kunyamazia yanayofuatana nayo.

Anayejua kazi ya lambalamba, wale wasaka wachawi, vijijini kwetu haelezwi zaidi. Ukikana, unaficha, ukikubali, haya, tuonyeshe wenzako.

Majasusi walikuwapo kweli, tusijidanganye. Mwanafizikia Klaus Fuchs alikiri mwaka 1950 kuwapa Wasovieti siri za bomu la atomiki. Lakini simu za maandishi za Wasovieti ambazo Wamarekani walikuwa wakizifumbua, na zilizomtaja Julius Rosenberg, Mmarekani aliyehukumiwa kwa ujasusi, zilibaki siri hadi 1995. Wenye ushahidi walinyamaza, wasio nao wakashika kipaza sauti.

Hofu hiyo ilifika hadi kwetu kusini. Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, alipata udaktari wa falsafa Marekani, alifanya kazi Umoja wa Mataifa, na alifundisha Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Huyo si mtu wa Moscow. Lakini Ureno, iliyoitawala Msumbiji, ilikuwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, na Wamarekani walihitaji kituo chao cha ndege katika visiwa vya Ureno vya Azores. Silaha za kumtoa Mreno Msumbiji zisingetoka Washington. Frelimo ikapata mashariki ilichokosa magharibi, na kambini Nachingwea, kwenye mashamba yaliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza, wakaja wakufunzi wa Kichina. Ureno ikawaonyesha washirika wake: si mnaona, ni Wakomunisti.

Frelimo ilijitangaza kuwa chama cha Umaksi na Ulenini mwezi Februari 1977, miaka 8 baada ya Mondlane kuuawa na karibu miaka 2 baada ya uhuru.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara