Barua kwa Baba, kutoka Nottingham

Baba, shikamoo.

Uliponiambia kwenye simu nimwombe radhi msimamizi wangu wa kazi kwa zile katoni, yaishe, nilinyamaza. Haikuwa jeuri. Nilikosa pa kuanzia.

Jumapili nilipanda basi hadi Kirkby-in-Ashfield, uliokuwa mji wa wachimba makaa ya mawe. Pale kuna sanamu ya Harold Larwood, mrusha mpira wa kriketi. (Najua, wewe kriketi huiiti mchezo, unaiita kusubiri chai.) Alizaliwa jirani na hapo mwaka 1904. Wa miaka 14 tayari yuko mgodini, anaswaga farasi wadogo wanaokokota mabehewa ya makaa gizani. Timu ya kriketi ya kaunti ya Nottinghamshire ikamtoa huko. Hakuwa na kimo cha kutisha, ila mpira wake ulikuwa moto: mpigaji anainua gongo, nguzo nyuma yake zimeshalala. Yeye na mwenzake Bill Voce, wa mkono wa kushoto, waliipa kaunti ubingwa mwaka 1929.

Msimu wa 1932 na 1933 Uingereza ikaenda Australia. Nahodha Jardine, mtoto wa wakubwa, akaamuru mipira ielekezwe mwilini mwa mpigaji, wadakaji wajazwe upande wa miguu yake, wadake mpira anapojikinga. Larwood akatii. Aliangusha wiketi 33, yaani aliwatoa wapigaji mara 33, akarudi na mguu ulioumia. Kule Adelaide nahodha wa Australia, Woodfull, alipigwa karibu na moyo, na mwenzake Oldfield akapasuka fuvu. Zogo likafika serikalini.

Sasa sikiliza, Baba. Jardine aliongoza tena timu, safari hii India. Larwood akatakiwa kutia saini barua ya kuomba radhi kwa mipira ile. Akakataa: nilifanya alichoniagiza nahodha. Hakuichezea Uingereza tena. Kaunti aliichezea hadi 1938, wiketi zake zote, za kaunti na za timu nyingine, zikiwa 1,427, kisha akauza peremende Blackpool. Mwaka 1950 akahamia, amini usiamini, Australia, na haohao waliomzomea wakampokea. Alifia Sydney mwaka 1995.

Mimi si Larwood. Lakini zile katoni nilipanga pale nilipoambiwa nipange, na aliyeniambia ndiye anayesubiri barua yangu. Nimeiandika mara mbili, nimeichana mara mbili.

Mama asijue kwanza. Hela ya mabati nitatuma Ijumaa, fundi asianze kabla hujayahesabu.

Mwanao.