Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Bombo

Afande Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, masheikh, wachungaji na mapadre wetu, Mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), wazazi na wanafunzi wenzetu: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, tumsifu Yesu Kristo.

Afande, tunakushukuru kwa kuacha kazi zako uje kuketi nasi. Tumeambiwa umetumikia miaka mingi katika ugavi na usafirishaji. Ndiyo sababu tulikuomba wewe.

Mwaka huu klabu yetu ilijipa kazi moja, kutafuta majina ya watu waliobeba mizigo ya jeshi. Askari wa Keya (KAR, King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, wameandikwa vitabuni. Bombo ilikuwa makao makuu ya 4 KAR, kikosi cha nne cha Keya, kwa miaka mingi, na watoto wa hapa wamesimuliwa jinsi Lugard, afisa Mwingereza, alivyowachukua askari wa Kisudani huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891. Jambo linalopitwa haraka ni kwamba askari wale walifuatana na maelfu ya wanawake na watoto. Wanawake ndio waliosaga nafaka, wakapika, wakafunga mizigo kambi ilipohama. Sisi tunawahesabu kuwa kikosi cha kwanza cha huduma, ingawa hawakuvaa sare wala kupokea mshahara.

Kisha vikaja vita vya Mjerumani, 1914. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, barabara zikawa tope, shehena ikapanda vichwani mwa watu. Mpagazi alibeba takriban kilo 25, siku baada ya siku. Kwa upande wa Waingereza, wapagazi waliokufa Afrika Mashariki wanakadiriwa kupita 90,000, wengi wao kwa malaria na kuhara damu kuliko kwa risasi. Vijana waliosoma shule za misheni za Uganda waliingia kikosi cha uuguzi wakawahudumia. Dar es Salaam wapagazi hao wameachiwa jina la Kariakoo, na Nairobi Kariokor, yote kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Hapa Bombo hakuna hata kichochoro.

Kwa hiyo tuligeukia nyumba za ibada. Kanisa kuu la Kianglikana la Namirembe, Kampala, baada ya kanisa la awali kuteketezwa na radi mwaka 1910, lilijengwa upya kati ya 1915 na 1919. Kanisa kuu la Kikatoliki la Rubaga lilianzwa 1914 likamalizika 1925. Kuta hizo zilipanda wakati uleule wapagazi wakitembea kuelekea kusini. Msikiti wa Taifa wa Kampala ya Kale, uliofunguliwa rasmi 2008, umesimama juu ya kilima alikojenga boma lake Lugard mwezi Desemba 1890. Tulipanda mnara wake. Kutoka juu unaona Namirembe, Rubaga na msikiti wa Kibuli kwa kugeuza shingo tu, na wenzetu watatu, Mwislamu, Mprotestanti na Mkatoliki, walibaki kule hadi mlinzi akawaita.

Lakini majina tuliyapata ndani ya madaftari. Katika daftari moja la ndoa, kurasa zake zimeliwa na mchwa pembeni, mwanamke ameandikwa mjane, na mbele ya jina la mumewe wa kwanza kuna maneno matatu: “alikwenda vitani, hakurudi.” Hadi sasa tumenakili majina 41 ya namna hiyo. Kila msimu wa mvua unyevu unakula mengine. Tulikwenda ofisi moja kuomba ruhusa ya kupiga picha madaftari, tukazungushwa muhula mzima.

Afande, tunaomba mambo mawili: kabati la chuma la kuhifadhia nakala zetu, na barua yako ya kututambulisha, tupate kuona orodha za zamani za wapagazi zilizo mikononi mwa serikali. Madaftari yana majina bila namba. Orodha za jeshi zina namba.

Tunajua umuhimu wa namba kwa sababu ya bibi mmoja wa mtaa huu. Alifungua sanduku lake, akafunua kitambaa, akatutolea kipande cha shaba cha mviringo chenye tundu la kamba. Kilivaliwa shingoni na babu yake. Namba inasomeka vizuri, jina hakuna. Bibi yuko hapa leo, ameketi safu ya mbele pamoja na wajukuu wake, na amekuja nacho. Anaomba ukishike.

Tunaomba kuwasilisha.