Shukrani kwa dada wa koti la buluu, Indianapolis

Dada, sikulijua jina lako, ila nataka watu wajue ulichonitendea.

Nilipiga tarumbeta kwenye kundi la gwaride hapa Marekani kwa misimu 2, mpaka nikapita umri unaoruhusiwa. Tangu hapo kila Agosti moyo wangu uko kwenye fainali za Drum Corps International, mashindano ya makundi hayo ya gwaride ya ngoma na tarumbeta, katika uwanja wa Lucas Oil. Mwaka huu nilisafiri usiku kucha kwa basi, na nilipofika mlangoni simu ikazima. Tiketi ilikuwa humo humo. Nikakaa kwenye ngazi, nikisikia wapiga ngoma wakipasha mikono nje, machozi yananilenga.

Ukanijia, koti lako limechakaa viwikoni. Hukuniuliza mengi. Ulitoa betri yako ya kuchajia, waya haukuingia. Ukaipita foleni nzima, mtu mmoja mmoja, ukiomba waya wa simu yangu, hadi kijana mmoja akakupa. Kisha ukasimama nami mpaka simu ikawaka, ilhali kundi la kwanza kati ya 12 lilishaanza ndani. Onyesho moja halifiki hata robo saa, wewe ukalikosa lote kwa ajili yangu. Aliyewahi kucheza gwaride anajua uzito wake.

Ukaona nachechemea, ukanibebea begi hadi kwenye kiti, ukaenda zako.

Ahsante sana, dada yangu. Nanyi mnaokwenda mwakani, bebeni waya wa ziada.