Pita bondeni, mwanangu

Marangu, wiki ya pili ya Kwaresima

Mwanangu,

Mdogo wako amenisomea ujumbe wako mara mbili, ya pili taratibu. Umesema tarehe 27 Machi utaanza hija ya Santiago, uondoke Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, kwa miguu, uvuke milima ya Pyrenees ulale Roncesvalles, Hispania, na kwamba utapita njia ya juu kwa sababu ya mandhari. Alipofika kwenye mandhari nikamwambia aweke simu chini.

Njia ya juu inafungwa tangu tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, kila mwaka. Hukuambiwa? Au uliambiwa ukanyamaza, kama kawaida yako? Pita bondeni, kwa Valcarlos. Wenyeji wenyewe ndiko wanakowapeleka mahujaji wakati wa baridi.

Najua utakachojibu. Utasema, baba, huko juu kabisa ni kama mita 1,430, hata geti letu la Marangu la kupandia Kilimanjaro liko juu zaidi. Ni kweli. Lakini mimi nimebeba mizigo ya wageni miaka kumi na tisa, habari za mita usinifundishe. Mita haziui mtu. Kinachoua ni ukungu, na jasho linalopoa mgongoni, na aibu ya kugeuza njia wakati wenzako wanakutazama.

Nilikwenda kwa paroko baada ya misa, maana alisoma Ulaya na Roncesvalles amewahi kufika. Akanieleza vizuri sana. Kwamba kanisa la huko, la Maria Mtakatifu, lilijengwa na mfalme Sancho wa Saba wa Navarra, yule waliyemwita Mwenye Nguvu, mwanzoni mwa karne ya 13, kwa mtindo wa Kigothi kama walivyojenga Wafaransa: matao yaliyochongoka juu, madirisha ya vioo vya rangi. Mfalme mwenyewe amezikwa hapohapo, na sanamu iliyolala juu ya kaburi lake ina zaidi ya mita mbili. Bikira Maria wao amechongwa kwa mti, akafunikwa fedha. Jioni mahujaji wanabarikiwa kwenye misa kabla ya kulala. Sikufichi, nilifurahi. Kwenye jumuiya niliwasimulia kana kwamba umeshafika.

Halafu paroko akaongeza mengine, na heri asingeyaongeza. Kwamba ua wa ndani wa kanisa, wenye varanda za mawe pande zote, uliangushwa na theluji mwaka 1600 wakaujenga upya. Mawe, mwanangu! Na kwamba kando yake kuna kikanisa kidogo cha zamani, chini yake shimo walimotia mifupa ya mahujaji waliofia hapo. Kule Ibañeta, kwenye kipito cha mlima, zamani kulikuwa na kengele ikigongwa wakati wa ukungu ili waliopotea waifuate sauti. Siku hizi wameihifadhi ndani ya kanisa la Mtakatifu Yakobo, hapohapo Roncesvalles. Sasa niambie, wewe ukipotea utafuata nini? Simu ambayo chaji inaisha kabla ya adhuhuri?

Lipo pia shairi la Kilatini la zamani sana juu ya nyumba ile ya mahujaji. Linasema mlango uko wazi kwa wote, wagonjwa na wazima, si Wakatoliki tu, hata wapagani, Wayahudi, wazushi, na wavivu. Paroko alicheka sana hapo kwa wavivu. Mimi nilisikia jambo moja tu: hakuna palipoandikwa kwamba aliyepita bondeni alale nje.

Kile kidole changu cha mguu wa kushoto, niliwaambia ng'ombe alikikanyaga. Hakuna ng'ombe aliyekikanyaga. Siku ile kiongozi alisema tusubiri, nikamwona mwoga, nikatangulia peke yangu na mzigo. Basi. Mama yako anajua, wengine hawajui, na usimwambie mdogo wako maana ameshaanza kuzungumzia kazi ya wagumu, ya kubeba mizigo mlimani, badala ya kusoma.

Kama utapita bondeni, bado ni safari ndefu, ni siku nzima ya kutembea. Anza alfajiri. Usivae viatu vipya. Shati lililolowa jasho livue kabla hujapumzika, si baada. Na usimwonee haya mtu akikupita.

Nilitaka niseme pia kwamba hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kwenda kuhiji mahali popote, isipokuwa kama tunahesabu Kilema, hapa jirani. Mama yako amelia, lakini kwa furaha, nadhani. Ameomba umwashie mshumaa. Goti lake la kulia limevimba tena, dawa ya kupaka imekwisha, ila kukuomba hataki.

Zile fedha ulizotuma za bati nilinunua bati kumi, zilizobaki nikalipa ada ya mdogo wako. Usikasirike. Upande wa jikoni bado unavuja na masika ndiyo hayo yanaingia. Kahawa tumeshapogoa. Ndama ni jike.

Ukifika Roncesvalles piga simu, hata kama huku ni usiku wa manane. Na kama utaahirisha hadi Aprili, nauli ya kubadilisha tiketi ni kiasi gani? Nina debe nne za kahawa sijauza.

Baba yako