Hatulipwi kwa kufungua folda

Kila tunapomaliza kuhamishia mafaili ya idara ya fedha kwenye hifadhi ya wingu, yaani nafasi ya kutunzia mafaili mtandaoni, swali ni lile lile: "Mbona bei yote hii kwa kazi ya kufungua folda na kuwaalika watu?" Juzi meneja wa fedha mmoja alikwenda mbali zaidi, akasema tumemwibia, kwani mpwa wake angeimaliza kazi hiyo kwa mchana mmoja. Kuuliza bei ni haki ya mteja, tena wa fedha ndio kazi yao kubana matumizi. Ila tuhuma ya wizi hatuikubali, na tunaeleza hapa saa zetu zinaishia wapi.

Chukua jedwali la muhtasari wa mwisho wa mwezi, lile linalovuta tarakimu kutoka majedwali ya benki, ya wadaiwa na ya wadai. Kwenye Excel, fomula inayovuta hubeba ndani yake njia ya kulifikia faili la chanzo, na mara nyingi njia hiyo inaanzia kwenye diski C ya kompyuta ya mhasibu mmoja. Ukiliburuta tu hilo jedwali hadi kwenye wingu, yeye ataendelea kuona tarakimu mpya huku mwenzake akiona za zamani au ujumbe wa kosa. Hakuna anayegundua mpaka hesabu zikatae kulingana. Kwa hiyo tunafungua majedwali moja moja, tunasaka kila fomula ya namna hiyo, tunaielekeza upya, kisha tunalinganisha jumla za kabla na za baada ya kuhama. Hiyo ni kazi ya siku, na hakuna njia ya mkato tunayoiamini.

Wateja wengi hata hivyo hujaribu njia ya mkato kwanza. Mhasibu anafungua akaunti yake binafsi ya Google, yenye gigabaiti 15 za bure, anapakia kila kitu na kuwagawia wenzake kiungo kilicho wazi kwa yeyote atakayekipata. Mwanzoni ni raha tupu. Kisha nafasi inajaa, na kwa kuwa gigabaiti hizo zinatumika pia na barua pepe, hata ankara za wasambazaji zinaacha kuingia.

Hilo bado ni dogo. Faili lililo kwenye Google Drive, hifadhi ya wingu ya Google, ya mtu ni mali ya akaunti yake, hata kama limekaa ndani ya folda ambayo ofisi nzima inaitumia. Kampuni moja iliachana na mhasibu wake mkuu kwa ugomvi, na rejista ya mali za kudumu, vocha zilizoskaniwa na usuluhishi wa benki (ulinganisho wa vitabu vya kampuni na taarifa za benki) vyote vilikuwa kwenye akaunti yake binafsi. Wakaguzi walikuwa mlangoni. Tuliitwa kukusanya upya kutoka viambatisho vya barua pepe, taarifa za benki na nakala walizokuwa nazo wasambazaji. Malipo ya kazi hiyo yalizidi mara kadhaa bei ambayo kampuni hiyo hiyo iliikataa awali ikisema ni ghali. Ndiyo maana sisi huweka kila kitu kwenye hifadhi ya pamoja, ambamo mwenye faili ni taasisi yenyewe.

Kiungo kilicho wazi kina balaa lake. Tuliwahi kuitwa baada ya jedwali la mishahara kusambaa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Swali la kwanza la mkurugenzi lilikuwa: nani ameliona? Halikuwa na jibu, kwa sababu anayeingia kwa kiungo cha namna hiyo bila kutambulishwa haachi jina lake. Ruhusa nazo hutiririka kutoka folda ya juu kwenda za ndani, hivyo mishahara tunaitengea hifadhi yake peke yake, mbali na folda kuu ya fedha.

Kabla ya kugusa chochote tunakaa na keshia, mhasibu na anayeidhinisha malipo. Anayeandaa orodha ya malipo anaweza kuihariri, anayeidhinisha anaisoma tu. Mwezi ukifungwa, folda yake inabaki ya kusoma, na marekebisho yanaingia mwezi unaofuata. Majina ya mafaili yanaanza na mwaka, mwezi na siku ili yajipange yenyewe. "Bajeti mwisho kabisa 2" tunaifuta bila huruma, mwenyewe akishatuonyesha toleo sahihi. Tunaweka pia nakala ya akiba nje ya wingu hilo, maana kwenye Google Drive kilichotupwa kwenye pipa la taka hufutika baada ya siku 30, na matoleo ya zamani ya faili la Excel lililopakiwa hayakai milele.

Kama bajeti haitoshi kwa yote, anzeni na hifadhi ya pamoja na ruhusa. Majedwali ya zamani tutayahamisha kwa awamu. Na kama kuna mtu wa fedha anaondoka mwezi huu, hamisheni kwanza umiliki wa mafaili yake ndipo mfute akaunti. Ikiwa akaunti ya Google ya kazini imeshafutwa, msimamizi wa mfumo ana siku 20 tu za kuirudisha, kwa hiyo tupigieni simu leo.