Yule mama ana jina

Mhariri,

Nilifurahi kusoma makala yenu kuhusu Jomo Kenyatta na filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, aliyoigiza sehemu ndogo akiwa London. Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji mweusi wa Marekani, mlimweleza vizuri. Lakini mwanamke aliyeigiza mke wa Robeson, ambaye anaonekana muda mrefu kuliko Kenyatta, mmemwita “mwigizaji mwenzake”, basi.

Tulipoitazama filamu hiyo nyumbani, sote tulikodoa macho kumtafuta Mzee. Binti yangu ndiye aliyeuliza, “Na huyu mama ni nani?” Nilinyamaza, maana sikujua.

Ni Nina Mae McKinney, mzaliwa wa Lancaster, South Carolina. Alikuwa bado kigoli, akicheza ngoma jukwaani New York, mwongozaji filamu King Vidor alipomchukua akamfanya nyota wa Hallelujah, filamu ya mwaka 1929 ya MGM, kampuni kubwa ya Hollywood, ambayo waigizaji wake walikuwa weusi. Anaimba, anacheza, anachekesha, anatongoza, na kamera haimwachi. MGM ikampa mkataba wa miaka 5, halafu ikamweka kando.

Naomba wasomaji waelewe sababu, kwa kuwa kipaji hakikumpungukia. Kanuni za Hollywood zilikataza mapenzi ya mweusi na mzungu kwenye filamu, na filamu za weusi watupu zilikuwa za kuhesabu. Mwanamke mweusi alibakiziwa aproni: awe yaya, mpishi au mtumishi wa chumbani, mara nyingi bila jina lake kuandikwa. Binti mrembo kama huyu hawakuwa na mahali pa kumweka. Akavuka bahari, na Ulaya wakamwita “Garbo Mweusi”, wakimfananisha na Greta Garbo, nyota wa filamu wa enzi hizo. Ndivyo alivyofika kwenye filamu moja na Kenyatta, filamu inayousifu ukoloni kiasi kwamba Robeson mwenyewe aliijutia.

Wala hakuwa peke yake. Fredi Washington, mwigizaji mwingine wa kike mweusi, alikuwa mweupe wa ngozi, mwenye macho ya kijani. Katika The Emperor Jones, mwaka 1933, alipakwa rangi ya kumtia weusi ili watazamaji wasidhani Robeson amemkumbatia mzungu. Angeweza kujipitisha kama mzungu akapata kazi tele. Alikataa, na mwaka 1937 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea waigizaji weusi. Hata mwigizaji Hattie McDaniel, mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, usiku ule wa 1940 aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu.

McKinney alifariki New York mwaka 1967. Mhariri, picha mliyoichapisha ilikatwa ukingoni, akabaki bega tu. Nawaomba muichapishe tena nzima, na chini yake muandike majina yote mawili.

Msomaji wenu,
Nakuru